Mkono Ufike Sikioni

Jumatatu, 3 Machi
Shajara yangu, hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mola, ila roho haijatulia. Shuleni vimekuja vishikwambi kumi! Mwalimu atakayevipata atahamia chumba kipya chenye feni. Changu mimi, mvua ikinyesha, ubao unajifuta wenyewe. Mwalimu mkuu kasema ni vya watoto waliotimiza miaka sita. Yaani darasa la kwanza. Yaani mwalimu wao, wifi yangu! Wangu wa chekechea wana mitano. Wifi akanishauri nisihangaike, wanangu wajue kwanza kupenga kamasi. Nikacheka. Kwa nje.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata njia. Nusu ya watoto hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo mkaguzi wa elimu atakayekuja Alhamisi atawapima kama tulivyopimwa sisi: mkono upite juu ya kichwa, uguse sikio la upande wa pili. Ukifika, una sita. Basi leo hakuna kuhesabu. Tumejinyoosha asubuhi nzima.

Jumatano, 5 Machi
Mikono bado mifupi. Nimewafundisha kulaza kichwa kidogo. Wote wamefika! Nikajiuliza kama ni uongo. Nimesali, nikaona sivyo: mimi sijasema kitu, imesema mikono. Mume wangu kauliza kama mimi mwenyewe najua kukiwasha hicho kishikwambi. Damu ya dada yake hiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Mkaguzi kaja. Masikio yote yameguswa! Karidhika, kawapa vishikwambi wajaribu. Mmoja kakilamba. Mwingine kakilalia. Wa tatu, mtoto mwenye adabu zake, kachukua chaki, kaandika a, e, i, o, u juu ya kioo, kisha kakipangusa kwa mate. Mkaguzi akamwinamia, akamuuliza ana miaka mingapi.

"Mitano," akajibu. "Lakini leo mwalimu katuambia tuwe na sita."

Wifi alikuwa mlangoni. Akacheka. Kwa nje na kwa ndani.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi yuko kwenye feni. Mkaguzi kanieleza kwa upole kwamba kila kitu kina umri wake: wanangu wafinyange udongo, wahesabu visoda, kishikwambi kitawangoja. Maneno yameniingia. Nimetubu kabisa.

Halafu nikamsikia akimwambia mwalimu mkuu kwamba muhula ujao hapimi masikio tena, atatazama meno: aliyeng'oka ya mbele ndiye wa sita. Nimewachungulia vinywani. Matatu yanatikisika! Jumatatu nawapelekea miwa. Au mahindi makavu? Shajara yangu, wewe waonaje? Nijibu upesi.