Kaka wa Chumba cha Uani

Jumatatu, 3 Machi

Mkaguzi wa majengo kanichorea X nyekundu ukutani! Chumba changu cha uani, bati bado linang'aa! Eti sheria ya mtaa huu ni kiwanja kimoja, nyumba moja. Nikamwuliza, wageni wangu walale juu ya mti? Kasema chumba cha uani kinaruhusiwa akikaa ndugu wa damu. Mpangaji hapana. Rafiki hapana. Vinginevyo, Ijumaa tingatinga.

Sasa mimi nimemjengea fundi saa! Kafiwa na mke, kama mimi nilivyofiwa na mume. Mpole, meno yote yapo. Anakopanga wanamtoa wiki hii, na asipopata pa kukaa anarudi kwao, mbali huko. Nilisema akae hapa, anizoee, mengine Mungu anajua.

Nikajisikia nasema: ni cha kaka yangu! Tumbo moja, ziwa moja!

Mdomo huu! Mkaguzi kataka jirani wa kushuhudia.

Jumanne, 4 Machi

Jirani niliye naye ni Mama Pasi, yule dobi asiye na mume. Tumenuniana tangu nitangaze kwamba kaunguza suti ya bwana harusi. (Kaunguza kweli!) Nimejikaza, nimekwenda. Kauliza mbona sijawahi kumtaja huyo kaka. Nikasema tulipotezana utotoni. Kakubali. Kakubali upesi mno.

Jumatano, 5 Machi

Fundi saa kaja na sanduku lake. Jasho! Mkaguzi kesho, na fundi mwenyewe hajui kwamba ni kaka yangu. Nikamweleza kwa kuzunguka weee. Kasema alikuja na neno lingine moyoni, ila kama namwona kaka, basi kaelewa. La hasha, nikasema, ukaka wa serikali tu! Sijui kama kasikia. Alikuwa anaingiza sanduku.

Alhamisi, 6 Machi

Mkaguzi kamkazia macho fundi saa: huyu mama ni nani yako? Roho mkononi! Kaniangalia kwanza. Kasema: dada yangu.

Mama Pasi kaapa kabisa, eti hata pua zetu ni moja. X imefutwa! Nimeshinda!

Mama Pasi anaondoka, kaniambia: "Wifi, mashati ya kaka yako niletee, napiga pasi bure."

Wifi? Wifi kwa lipi?

Jumapili, 23 Machi

Mashati yamenyooka hadi yanakata. Leo fundi saa kanipigia magoti. Kasema dada, hapa mjini sina ndugu ila wewe, nipelekee posa kwa Mama Pasi. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Ng'ambo ya ua, nani kasimama anasubiri suruali yake? Mkaguzi! Kanipungia mkono.

Nimeipeleka. Kwa miguu yangu mwenyewe! Mama Pasi kaniacha nigonge mlango mara tatu.

Jumatatu, 31 Machi

Bwana harusi kahamia kwa mkewe. Mkaguzi hakukawia: kaka yuko wapi? Chumba bila ndugu kinavunjwa. Nikamwambia atulie, ninaye kaka mwingine. Yule seremala wa njia panda. Mabega kama kabati! Hana mke. Tumbo moja, ziwa moja.

Shahidi pia nimempata: mdogo wake Mama Pasi, kahamia juzi. Hajaolewa, mpole, hana neno kabisa.