Majibu ya Shemeji, Kinyumenyume

Jumatatu, 6 Mei
Tangazo limebandikwa karibu na tanuri la mikate. Ijumaa wapima unga wote tutafanya mtihani wa aljebra. Atakayefeli anahamia ghalani, kubeba magunia. Na mgongo wangu huu! Mke wangu kasema nisome. Nina njia fupi: kaka yake anapima unga nami, na kwenye darasa la hesabu la hapa kazini tunakaa benchi moja. Ana mwandiko mkubwa, Mungu ambariki.

Jumanne, 7 Mei
Ushindi! Shemeji aliandika 4x + 9. Mimi, nisishtukiwe, nikaandika 9 + 4x. Mwalimu, mama mstaafu asiyeachana na kalamu nyekundu, katupa vema sote. Kasema kwenye kujumlisha, kubadili mpangilio hakubadili jibu. Kumbe hesabu zenyewe zinaniunga mkono.

Jumatano, 8 Mei
Balaa. Shemeji: 8 − 3n, vema. Mimi: 3n − 8, kosa. Mwalimu akaniinamia.

"Baba, ukiwa na mikate kumi, miwili unaweza kuitoa. Ukiwa na miwili, hiyo kumi utaitoa wapi? Kutoa hakugeuzwi."

Shemeji kacheka mpaka kashika meza. Nimemnunia dada yake jioni nzima, ingawa hana hatia.

Ijumaa, 10 Mei
Nimekwisha. Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote: rahisisha 7 + 3a − 5a. Shemeji kaandika 2a − 7. Mkono wangu, mazoea yana tabu, ukageuza: 7 − 2a. Maneno ya mwalimu nimeyakumbuka karatasi zikiwa zimeshakusanywa. Naogopa kweli. Nimepita ghalani, nikajaribu kunyanyua gunia moja. Halikutikisika.

Jumatatu, 13 Mei
Nimefaulu! Kwa chupuchupu, lakini nimefaulu. Kumbe shemeji naye aligeuza kutoa, yeye aliyenicheka! Nilipoligeuza kosa lake, likarudi kuwa jibu sahihi. Mwalimu kanisifu mbele ya wote, kwamba hatimaye nimeelewa. Machozi yalinilenga. Mke wangu kanikanda mgongo kwa furaha, nao haukuwa unauma hata kidogo.

Shemeji kapita pia, nyuma yangu kwa alama moja tu. Jioni kaja mpole, na daftari mkononi, kuniomba nimfundishe kutoa. Nimekubali mara moja. Nimemwambia aanze yeye kuandika majibu, mimi nitayageuza.