Ombi la Kuandikwa Kinyonga wa Nne

Mbeya,
19 Juni, 1954

Kwa Bwana Yotamu, Karani, Iringa.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Najua barua zangu husomwa uani kwa sauti, Mama Lusia akichambua mchele na majirani wakichangia maoni. Hii isisomwe hivyo. Ukiimaliza itie motoni. Ikijulikana kwamba nimelalamika, mimi nitarudi kulima, na wewe uliyeniombea kazi utaulizwa ulimtoa wapi mtu wa namna hii.

Habari yenyewe ni hii. Bwana Mkubwa wetu amekwenda Ulaya kwa likizo ya miezi sita, na nyumba yake inapakwa rangi. Mkewe, Memsahibu, ana vinyonga watatu kutoka milima ya Poroto. Mmoja ana pembe tatu usoni na anaitwa Jenerali. Kabla hawajasafiri wote wawili, Memsahibu aliniita barazani akanieleza jambo refu kwa Kiingereza cha haraka, nami kila alipovuta pumzi nilijibu, "Ndiyo, Madamu." Unajua tulivyolelewa: mkubwa akisema, unaitikia kwanza, kuelewa ni baadaye. Nilipoelewa, masanduku matatu ya wavu yalikuwa yameshaingia chumbani kwangu, pamoja na kurasa nne za maagizo zilizopigwa taipu.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Makazi. Maagizo yanasema kila kinyonga akae peke yake na asimwone mwenzake, kwa kuwa akimwona hufadhaika na kukosa hamu ya kula. Kila mmoja ana tawi lake lenye majani mabichi, upande mmoja jua na upande mwingine kivuli. Ni jambo jema sana. Mimi nilikuwa nakaa chumba kimoja na makarani wenzangu, Zubery na Bushiri, na kwa miaka miwili nimemwona Zubery akikata kucha za miguu juu ya meza ya chakula. Hakuna aliyeuliza kama nimefadhaika. Siku masanduku yalipoingia, Zubery alisema, "Timotheo ndugu yangu, chagua. Sisi au hao." Sikuwa na ruhusa ya kuchagua. Walihama siku ile ile. Bushiri aliacha suruali yake kambani, na mpaka leo hajaifuata.

2. Chakula. Kinyonga hali kitu kilichokufa. Panzi lazima awe hai na atembee mbele yake. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikiwa na kaptura iliyopigwa pasi na soksi nyeupe, napiga magoti nyasini nyuma ya boma na kopo mkononi. Wala si kukamata tu. Panzi naye, kabla hajaliwa, alishwe karoti na majani mabichi siku nzima, ili faida imfikie mlaji. Wiki iliyopita Bwana Shamba alihutubia watu sokoni Mwanjelwa namna ya kuangamiza panzi. Nilisimama nyuma nikasikiliza kwa makini, kopo likitikisika kwapani. Serikali ni moja: mkono mmoja unawatia sumu, na mkono wa pili, ambao ni wangu, unawamenyea karoti. Mimi karoti niliionja Krismasi.

3. Dawa. Mara mbili kwa wiki panzi hutiwa ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na maganda ya mayai yaliyosagwa kama poda, akatikiswa mpaka awe mweupe kama mwoka mikate, ili mifupa ya kinyonga isilegee. Mara moja kwa wiki, tone la mafuta ya samaki. Maji hawanywi katika chombo. Nanyunyizia majani asubuhi na jioni, nao hulamba matone kwa wakati wanaoupenda. Kisha waote jua nusu saa. Mimi nilipougua homa mwezi wa tatu, nilipewa kidonge kimoja nikaambiwa nirudi mezani kwangu. Sikuoteshwa jua.

4. Taarifa. Kila siku niandike uzito, choo na rangi ya kila mmoja. Uzito napima kwa mizani ya barua. Shida ni rangi. Nimefungua faili kama tulivyofundishwa, na daftari lenye safu zake. Naandika "kijani", na wino haujakauka Jenerali amekuwa wa kahawia. Nakata, natia sahihi pembeni, naandika "kahawia". Ananitazama kwa jicho moja, anageuka madoadoa. Ukurasa wa tarehe tatu una masahihisho kumi na moja, yote yamesainiwa. Mjomba, wewe una miaka ishirini katika ukarani. Niambie kama yupo mkaguzi atakayeuamini.

5. Hofu. Nawaogopa. Usinicheke. Pale Nyololo ulimwona mmoja akivuka barabara, ukatupa baiskeli, ukatuambia umeshuka kupumzika.

6. Uchumba, na hili ndilo linaloninyima raha. Mzee Sedekia, baba yake Tupokigwe, alikwisha kusema hamtoi binti yake kwa mtu anayelala chumba kimoja na wanaume wawili. Jumapili alikuja na dada yake, Shangazi Damari, kuona ninavyoishi, kabla matangazo ya ndoa hayajasomwa kanisani. Shangazi akamwona Jenerali. Hakupiga kelele. Alifungua pindo la kanga, akatoa ugoro, akasogea kwenye sanduku. Kwao kinyonga hutiwa tumbaku mdomoni afe, kwa kosa lake la zamani la kuchelewesha ujumbe wa Mungu kwamba watu wasife. Nikasimama mbele yake, mikono nimeitandaza.

"Unamkinga huyu?"

"Ni wa serikali, shangazi."

"Basi kaoe serikali."

Mzee Sedekia akavaa kofia yake, chai hakuigusa. Matangazo hayakusomwa.

Kwa hiyo, Mjomba, naomba moja kati ya mawili. Ama unitafutie uhamisho wa kuja Iringa, hata kama ni kuhesabu majembe stoo. Ama, ikiwa nafasi hakuna, uniulizie kwa wakubwa kama naweza kuandikwa kinyonga wa nne. Sifa ninazo: ni mwembamba, nikiitwa ofisini natembea polepole, na Bwana Mkubwa akiingia rangi hunibadilika. Nitapata chumba changu, jua, mafuta ya samaki, na barua kutoka Ulaya kuuliza kama nimekula. Mzee Sedekia naye hatakuwa na la kusema juu ya makazi.

Msalimie Mama Lusia bila kumweleza kitu, na watoto, na majirani wote wanaosikiliza barua.

Ni mimi mpwa wako, niliye chini ya ulinzi wako na juu ya masanduku matatu,

Timotheo

Baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa bado wazi Tupokigwe alipofika mchana huu na mdogo wake wa kike, wakasimama mlangoni. Alitazama masanduku, akatazama kitanda changu, akatazama ukuta mtupu vilipokuwa vitanda vya Zubery na Bushiri.

"Kumbe unakaa peke yako?"

Nikasema ndiyo.

"Na hawarudi?"

Nikasema, maadamu hawa wapo, hawarudi ng'o. Akacheka. Akaingiza mkono koponi, akatoa panzi, akampa Jenerali, kisha akaenda kumwambia baba yake kwamba serikali imenipa chumba. Jioni hii Mzee Sedekia ametuma neno: matangazo yatasomwa Jumapili.

Basi usiombe uhamisho. Usiombe chochote. Memsahibu nimeshamwandikia kwamba vinyonga wake ni wadhaifu mno, na hata akirudi si vizuri wahamishwe.

Jibu lako lisije bomani. Mpe dereva wa basi la Jumatano, aliache Mwanjelwa kwa Mwanakhamisi anayeniuzia karoti. Ukija mwenyewe baada ya harusi, ni mlango wa tatu katika kota za makarani. Piga hodi, ungoje, usisukume. Atakayekufungulia ni Tupokigwe. Akikupa mkono wa kushoto usimwone hana adabu. Wa kulia utakuwa umekaliwa na Jenerali.