Nilivyoinyoosha Gesi ya Kifungo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kifungo hajala. Chai imepoa, mkate umekauka, yeye kainamia karatasi kubwa ya miraba miraba kama anatafuta sindano iliyoanguka. Nimemuuliza kuna nini, akasema ni gesi, mama. Nimekimbilia jikoni kufunga mtungi! Mtungi ulikuwa umefungwa. Kumbe gesi yenyewe ni ya kwenye karatasi, kazi ya mwisho wa mwaka waliyopewa chuoni. Inakusanywa Alhamisi. Asiyefaulu anarudia mwaka mzima.

Mwaka mzima! Binti yangu wa pekee, wa kwanza katika ukoo kufika chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la nne, nikakalia cherehani mpaka leo. Nimeona aibu. Mama mzima, mtoto anazama mbele ya macho yangu, nami namrushia mkate.

Nimeamua kumsaidia. Kwa siri, maana akijua atakataa.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango wa kwanza: kuielewa gesi. Nimejifanya napiga pasi karibu na meza yake. Gauni moja nimelipiga mara tatu. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja sana, hiyo mistari yote ni ya nini.

Alivyofurahi kuulizwa! Nusura nilie. Akasema nifikirie bomba refu, ndani kuna gesi, na mwisho mmoja kuna pistoni. Pistoni ikianza kusogea, gesi ya mbali haijui chochote mpaka habari iifikie. Basi kila mstari ni safari ya habari moja. Inayoegemea kulia inakwenda mbele, inayoegemea kushoto inarudi. Kila mstari unabeba namba yake, haibadiliki njiani. Mstari wa kwenda ukipishana na wa kurudi, unazichukua namba zao mbili na kupata gesi ya pale ina kasi gani na imebanwa kiasi gani. Kisha unahamia mapishano mengine, moja baada ya jingine, hadi karatasi iishe. Mbinu yenyewe inaitwa ya mistari ya sifa.

Nimesema nimeelewa. Habari niliielewa. Mtaa wetu nao ni bomba.

Gauni la mteja limeungua pindo.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mama Pacha wa mlango wa pili kanisimamisha ngazini. Binti yake anasoma darasa moja na Kifungo. Kasema mwanawe alimaliza tangu Jumapili, na kazi imetoka nzuri hata wameibandika sebuleni kwa muda, shoga yangu njoo uone.

Nimeenda. Ningekataaje? Kweli ilikuwa nzuri, roho iliniuma. Mistari inaanzia pembeni imekaribiana, halafu inatawanyika kama marinda ya sketi mwanamke akizunguka. Hakuna mstari uliomgusa mwenzake. Mama Pacha akauliza, ya mwenzetu inaendaje? Nikasema imetulia kabisa. Nikarudi mbio kuangalia kama imetulia.

Haikutulia! Inaanza vizuri, kisha mistari inabanana, inabanana, mwisho inagongana. Na pale inapogongana Kifungo kakandamiza penseli, katia mstari mnene mweusi kama kovu. Nikajua ni uchovu. Kachoka mwanangu, mkono umeteleza. Nimeshona miaka ishirini na miwili. Marinda yakipandana, sketi imeharibika. Hilo halihitaji chuo.

Saa tisa alasiri alijilaza. Nikachukua raba. Nikachukua rula yangu iliyopinda, ile ya kuchorea kiuno. Nusu saa tu! Mistari yote nimeitawanya, kila mmoja na nafasi yake. Ule mnene nimeufuta usibaki hata kivuli. Namba sikuzigusa, namba si fani yangu. Nikaiviringisha na kuifunga utepe wa satini ili asiifungue ovyo akaichafua.

Nimelala kama mtu aliyetenda jema.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeharibu.

Kifungo karudi hana rangi. Mwalimu wao, wanamwita Mzee Bomba, kaufungua utepe mbele ya darasa. Kamuuliza: swali lako pistoni inasukuma au inavuta? Kajibu inasukuma. Akauliza, mbona basi umenichorea ya kuvuta?

Kumbe kila mwanafunzi ana swali lake. Ya binti wa Mama Pacha inavuta, ndiyo maana mistari yake inatawanyika. Ya Kifungo inasukuma, tena inazidi kukaza mwendo. Habari za nyuma zinapita kwenye gesi iliyokwisha kubanwa na kusogezwa, kwa hiyo zinakimbia kuliko za mbele, zinazikamata, zinagongana, pale pale gesi inasimama kama ukuta. Kutafuta huo ukuta uko wapi ndiyo ilikuwa kazi nzima. Ule mstari mnene mweusi ndio uliokuwa jibu.

Jibu! Nililifuta, nikapuliza na vumbi la raba.

Na sasa namba zinasema hivi, mchoro unasema vile, na mchoro wenyewe unafanana na wa jirani. Mzee Bomba anaamini kanakili. Kesho saa nne kamati. Anayenakili hata kurudia mwaka haruhusiwi, anafukuzwa.

Nilingoja aniulize nani kaingia chumbani. Hakuniuliza. Alikuwa kashika ule utepe mkononi, kauzungusha kidoleni. Akasema kawaambia kachora mwenyewe, alikuwa na usingizi. Akaenda kuoga.

Ananificha. Mtoto ananificha mimi, kama sahani iliyovunjika inavyofichwa wageni wasiione. Nimekaa juu ya kitanda na kiatu kimoja mguuni, sikumbuki nilikuwa navaa au navua.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimekwenda chuoni. Mpango: kuingia kwenye kamati bila kualikwa. Nilitundika futi shingoni, nikamwambia karani nimekuja kupima mapazia. Alifurahi mno! Kumbe wameyaomba mapazia miaka miwili. Kanipeleka dirisha hadi dirisha, nikapima manne na kuandika vipimo kabla sijaupata mlango wenyewe.

Nikaingia. Wazee watatu, meza, na mwanangu kasimama mikono nyuma. Aliponiona akafumba macho. Mzee Bomba akauliza ni nani aliyeagiza mapazia. Nikasema mapazia hakuna, baba, ila mistari hiyo ni yangu.

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema mama yeyote angesema hivyo kumwokoa mwanawe. Mzee Bomba akanisukumia karatasi na penseli, akasema basi chora. Nikatoa rula yangu ya kiuno mkobani. Nikachora, mkunjo ukatoka. Akauweka juu ya ule wa Kifungo, akainua dirishani kwenye mwanga. Ni mkunjo ule ule, kama umekatwa kwa mkasi mmoja. Akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikamjibu ukweli: marinda hayapandani, mwalimu.

Akavua miwani, akafuta macho kwa leso muda mrefu, mabega yakitikisika. Akasema kwa miaka yake yote hajaona gesi iliyokaa vizuri mwilini namna ile, kama gauni. Wakaandika kwamba hakunakili. Kapewa hadi Jumanne airudie, safari hii kwa kompyuta. Mimi nikaombwa, kwa heshima zote, nisirudi.

Karani kanikimbilia koridoni kuuliza mapazia yatakuwa tayari lini. Nimemwambia wiki ijayo. Ningesema nini?

Nilitembea nyuma ya Kifungo hatua kumi, kama mbwa aliyemwaga maziwa. Kwenye kona akasimama, akaningoja. Akasema, mama, kwa nini hukuniuliza? Nikasema niliogopa utakataa. Akasema, sasa si ndiyo ningekataa? Halafu akanishika mkono, njia nzima, jitu zima la miaka ishirini na moja.

Nimeapa mbele yake: karatasi yake sigusi, penseli yake sigusi, raba yake sigusi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mama Pacha kashapata habari. Mtaa ni bomba. Kaja kunipa pole huku anauma midomo. Nimemwambia ya kwetu ndiyo ngumu, shoga, ya kwetu inagongana. Kuvuta gesi anaweza yeyote. Kaondoka bila kumaliza chai. Kisha nikaona aibu, binti yake hakunikosea kitu.

Kifungo siku mbili hajainuka kwenye kompyuta aliyoazima chuoni. Nimepita mbali, mikono mfukoni.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Kamaliza! Adhuhuri kapiga kelele mpaka cherehani nikaisimamisha. Mistari imejichora yenyewe kwenye kioo, inabanana, inagongana palepale panapotakiwa. Tumekumbatiana. Akatoka mara moja kumpigia mwenzake simu barazani, huku ndani simu haishiki vizuri.

Nimebaki na ile mashine. Ilikuwa inapumua kwa nguvu, ya moto kama pasi, maskini, siku mbili haijapumzishwa. Na kompyuta si karatasi, si penseli, wala si raba. Nikabonyeza kile kialama cha kufungia, juu pembeni.

Ikaniuliza, kwa maandishi makubwa, kama ningependa kuhifadhi mabadiliko.

Mabadiliko! Wiki nzima nyumba hii imelia kwa sababu ya mabadiliko. Nani tena kabadilisha? Mimi sikugusa kitu! Wiki iliyopita ningesema ndiyo bila kusoma. Lakini aibu imenifunza. Nimesoma mara mbili, nimefikiri, nimebonyeza Hapana.

Imetii mara moja. Kioo kimebaki cheupe, safi, kama kitambaa kipya mezani.

Nasikia anarudi, anaimba. Safari hii simfichi. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajauliza, jinsi nilivyoiokoa kazi yake.