Ombi la Kutengewa Makosa Arobaini kwa Mwezi

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa moyo mzito, na baada ya mashauriano ya siku mbili na mwenzangu, napenda kukuarifu rasmi kwamba Jumanne, saa tano kasorobo asubuhi, kitufe cha kijani chenye neno "Endelea" kilisogezwa kushoto kwa upana wa unywele, na sisi wajaribu wa programu hatukuambiwa. Tulikigundua wenyewe. Mwenzangu aliacha chai yake ikapoa.

Ningeishia hapo, maana najua una mambo mengi. Lakini siku hiyo hiyo, nikienda kujaza birika, nilikuta tangazo lako limebandikwa juu ya sinki: kwamba ifikapo mwisho wa mwezi kitengo cha kujaribu programu kinafungwa, waandishi wa programu watajikagulia kazi zao wenyewe, na sisi wawili, yaani mimi na mwenzangu wa meza ya dirishani, tunahamishiwa kwenye simu za wateja. Nililisoma mara tatu, kama kazi yangu inavyonitaka, kisha nikalisoma kwa kulianzia chini. Halikubadilika.

Mkutano wa bodi wa kulipitisha jambo hili ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, uyapokee malalamiko yetu sita kabla ya siku hiyo. Nimeyapanga kwa uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa fani yangu.

1. Kuhusu picha. Ilipozinduliwa programu yetu ya kupanga miadi ya wagonjwa, uliwashukuru waandishi wa programu, fundi umeme, mpishi na jamaa aliyeleta viti. Wakati wa picha ya pamoja mimi na mwenzangu tukajisogeza. Kiongozi wa waandishi wa programu, ambaye ofisi nzima tunamwita Fundi Mkuu, akatuzuia kwa mkono: "Nyie mnakwenda wapi? Hebu shika simu utupige vizuri, wewe si ndiye unayeona kila kitu?" Nikapiga. Picha hiyo iko ukutani kwako. Kidole kilichoziba pembe ya juu ni changu, na mpaka leo ndicho sehemu pekee ya kitengo chetu iliyowahi kutundikwa mahali pa heshima.

2. Kuhusu idadi. Mwezi juzi tuliwasilisha makosa mia mbili na kumi na manne, tukaambiwa tuna roho mbaya. Mwezi uliopita tuliwasilisha sita, tukaambiwa hatuna kazi, na hapo ndipo lilipozaliwa tangazo lako. Yaani makosa yakiwepo sisi wabaya, yasipokuwepo sisi wa nini. Napendekeza tuelewane kiasi. Kila mwandishi wa programu atakiwe kutoa makosa yasiyopungua arobaini kwa mwezi, mapya, yenye afya, si yale ya kuazima kwenye programu ya mwaka jana. Najua Fundi Mkuu ataguna na kusema hataweza. Asijidharau. Mimi nimefanya naye kazi miaka saba. Arobaini anayamaliza kabla ya chai ya saa nne, tena bila kukusudia.

3. Kuhusu maneno "mbona kwangu inafanya kazi". Haya ndiyo majibu tunayopewa kila tukipeleka kosa. Hatubishi kwamba kwake inafanya kazi. Tunachoomba ni kwamba, kama ni hivyo, kompyuta yake ibebwe na meza yake na yeye mwenyewe, vikawekwe hospitalini.

Niruhusu nikukumbushe habari ya mzee wa miaka mia na moja. Programu yetu husoma tarakimu mbili tu za mwisho za umri, kwa hiyo ikamwona ana mwaka mmoja, ikampangia chanjo ya surua na kumwagiza aje na mama yake. Mzee wa watu akaja. Alikuja na fimbo, na maelezo marefu kuhusu mama yake. Alikaa kliniki ya watoto tangu saa mbili mpaka saa saba mchana akingoja kuitwa, na kilichomleta ni moyo. Alitibiwa, yuko salama, na wauguzi walimpa puto. Lakini mwenzangu alikuwa ameliandika kosa hilo daftarini wiki tatu kabla, akalipeleka kwa mikono yake miwili, na Fundi Mkuu akamjibu, "Dada, acha utani, mtu wa miaka mia anatafuta nini hospitali?"

Tukishahamishiwa kwenye simu, ndugu yangu, watakaopigiwa na familia ya mzee kama huyo ni sisi. Tutajua kosa liko wapi, liliingia lini na nani alilicheka. Ila hatutakuwa na mahali pa kulipeleka. Tutasema "samahani kwa usumbufu" na kuweka simu chini.

5. Kuhusu hadhi yetu nyumbani. Hili sikutaka kulileta kwako, lakini limezidi kimo. Mama mkwe wangu aliniuliza mbele ya shemeji zangu, "Baba, hivi wewe ofisini unafanya nini hasa?" Nikamwambia natafuta makosa. Akashusha miwani. "Na wanakulipa? Mimi nimewatafutia watu makosa miaka arobaini, tena bure." Tangu siku hiyo anaamini nimemnyang'anya kazi.

Fani hii humwingia mtu mwilini. Shemeji alipotengeneza geti jipya nililifungua na kulifunga mara sitini ili nione. Mara ya hamsini na nane komeo likatoka na kubaki mkononi mwangu. Sikushukuriwa. Mke wangu naye aliponiuliza mchuzi ukoje, nilianza kumweleza: hatua ya kwanza, nimechukua kijiko, hatua ya pili, nimechota upande wa kushoto wa sufuria, matokeo yaliyotarajiwa, chumvi. Sasa najipikia. Naomba kampuni imwandikie mama mkwe barua rasmi yenye muhuri, ikithibitisha kwamba ninachokifanya ni kazi, na ina jina.

6. Kuhusu mamlaka. Kutokana na hayo yote, ni dhahiri kwamba kutubakiza tu hakutatosha. Tunaomba kusiwe na kitu chochote kitakachotoka katika jengo hili bila kupita mezani kwetu: programu, barua, hotuba, hata uamuzi. Nachukua mfano wa tangazo lako mwenyewe. Limesema "mwisho wa mwezi" bila kutaja mwezi gani. Kitengo chetu kimelichunguza na kuamua kwamba mwezi huo bado haujachaguliwa.

Tukiufuata mstari huu kwa unyoofu, tunafika kwako. Mkurugenzi yeyote, kabla hajakabidhiwa ofisi, aletwe kwetu kwa wiki mbili. Tutampa mambo mawili kwa wakati mmoja tuone kama ataganda. Tutamuuliza swali lile lile mara kumi tuone kama jibu litakuwa moja. Tutamzima ghafla katikati ya hotuba na kumwasha tena, tuone kama ataendelea alipoishia au ataanza upya na salamu. Nakuhakikishia hakuna uadui hapa. Fundi Mkuu tumemfanyia hivyo kwa miaka saba na bado anatusalimia, siku nyingine.

Kwa heshima, basi, naomba uitie barua hii mikononi mwa bodi kabla ya Alhamisi. Mwenzangu ameshalifunga daftari lake kwa uzi, kurasa mia mbili, na anapita akiuliza kama kule kwenye simu kuna droo ya kuliweka. Sipendi kumjibu.

Msalimie mama watoto na watoto. Wasalimie wajumbe wa bodi mmoja mmoja, na katibu muhtasi wako, na mlinzi wa zamu ya asubuhi, na Fundi Mkuu pia, mwambie hatuna kinyongo ila kitufe akirudishe.

Ni mimi, niliye bado mezani kwangu kwa sasa,
Mjaribu Mwandamizi wa Programu
(cheo nimejipa mwenyewe baada ya kungoja)

Nyongeza: Mwenzangu aliomba kuipitia barua hii kabla sijaifunga. Nilimwambia hakuna haja, nimeiandika mwenyewe na naijua nukta kwa nukta, na tena katibu muhtasi anafunga mlango saa kumi. Ameisoma juu juu nilipokuwa natafuta gundi. Anasema kuna lalamiko la tatu, kisha la tano. Nimemwambia iende hivyo hivyo, mtu akilalamika tutarekebisha. La nne ndilo lililokuwa na ushahidi.