Usingizi Wangu wa Makumbusho

Jumanne, 4 Machi 2014
Nimepata dawa! Makumbusho wana darasa la kuchora la wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Masaa mawili, chai bure. Nikampeleka Bibi Kaltumi, nyanya wa mume wangu Hamim. Mtoto nikamwacha kwa jirani. Bibi achore, mimi nilale. Tangu meno ya mtoto yaanze, sijui usingizi ni kitu gani.

Nikafumba jicho moja tu. Mwalimu Alanyo akanigusa bega: dada, msindikizaji halali. Mzee akisinzia, sawa. Filda, aliyemleta baba yake, akauliza kwa sauti kama na godoro nimebeba. Huyo mwanamke!

Jumatano, 5 Machi
Nimewaza nikifua nepi. Wanaosahau wanaruhusiwa kusinzia? Basi na mimi nasahau.

Jumanne, 11 Machi
Jina langu? Sijui. Leo siku gani? Sijui. Alanyo akanionea huruma, akanipa kiti chenye mto. Mto, jamani!

Bibi, ambaye asubuhi aliniita kwa jina la marehemu dada yake, akaweka brashi chini. Akatangaza kwamba huyu ni Husnah, mke wa Hamim, hasahau kitu. Idi ya mwaka juzi Hamim alimlia paja lake la kuku, mpaka leo Husnah anamsema. Filda akacheka mpaka akamwaga rangi. Nikarudishwa kwenye benchi. Tukitoka, Bibi akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Jumanne, 18 Machi
Nimelala! Bila hata mpango. Kichwa mezani, puu! Naambiwa Alanyo alikuja kuniamsha, Bibi akamfukuza kwa brashi: mwache, ana mtoto mdogo. Akanifunika leso yake.

Naamka, wazee saba wamenichora. Mdomo wazi kama gunia la mkaa. Picha ziko ukutani! Ya Bibi ndiyo nzuri. Ameniwekea mtoto kifuani, naye amelala. Nikafuta macho. Rangi tu.

Alanyo akasema kila Jumanne nilale tu, wapate wa kuchora. Kwa ruhusa kabisa! Nilale Filda akinihesabu meno? Hapana.

Nina akili zaidi. Namwandikisha mtoto. Hajui jina lake, hajui leo siku gani, ya jana hayakumbuki kabisa. Bibi atamsindikiza yeye, yeye atamsindikiza Bibi. Mimi niko nyumbani, mlango nimefunga.

Nikiamka, nitawafuata.