Mama Mfuaji wa Manila Kwenye Harusi ya Ganshoren

Ganshoren, Brussels
Novemba 2011

Kwa Ndugu Ibrahim,
Katibu, Klabu ya Filamu za Jumapili,
Ixelles.

Ndugu Katibu,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira ya wastani. Natumaini nawe hujambo, na projekta yako haijambo, ingawa hiyo projekta ningefurahi zaidi kusikia inaumwa. Naandika kwa Kiswahili cha kwenu Tanzania, nilichojifunza kwa majirani zangu wa Buyenzi kule Bujumbura, ili usipate kisingizio cha kusema hukunielewa.

Mimi ni Tharcisse, mume wa Mauwa na baba wa Keren. Mwezi Septemba ulionyesha filamu ya zamani ya Kitagalogi kutoka Manila, katika ukumbi wa parokia ulio nyuma ya Galerie d'Ixelles. Filamu hiyo aliileta Ate Erlinda, Mfilipino anayefanya kazi na mke wangu katika nyumba ya wazee. Kwao ate ni dada, na sisi sote tunamwita hivyo. Kabla taa hazijazimwa, Ate Erlinda alitueleza kwa Kifaransa kwamba Manila ilitengeneza filamu nyingi sana kabla ya vita, kisha moto, mabomu na unyevu vikazila, na zilizosalia zinahesabika kwa vidole. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa viti vya nyuma, nimeletwa na familia, na hata mimi nilipiga makofi. Sikujua ninachokipigia.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Filamu haina mwisho. Kwa faida ya wanachama wenzako ambao hawakuwepo, naomba nikumbushe. Mwigizaji Consuelo Dimayuga ni mfuaji nguo maskini aliyempa bibi tajiri mtoto wake mchanga amlee. Miaka inapita, anaajiriwa kufua katika nyumba ile ile, na anafua magauni ya binti yake mwenyewe bila binti kujua. Siku ya harusi analeta shela aliyoipiga pasi usiku kucha. Anasimama mlangoni mwa kanisa. Bibi tajiri anageuka, anamwona. Uso wa Consuelo unajaa kwenye pazia la kuonyeshea, midomo inafunguka ili aseme jambo, halafu pazia linakuwa jeupe. Basi. Kipande cha mwisho kilipotea, ukatuambia, tukanywe chai.

Ndugu Katibu, mtu akizama mtoni hatumtoi mpaka kiunoni tukamwacha hapo. Kama mwisho haukuweza kuokolewa, huo mwanzo uliokolewa kwa faida ya nani?

2. Tafsiri yako. Maandishi chini ya picha yalikuwa ya Kifaransa, na wewe ulijitolea kuyasoma kwa Kiswahili kwa kipaza sauti. Nashukuru kwa moyo huo. Lakini maandishi yalisema "Bonjour, madame," salamu tu, na wewe ukatafsiri, "Shikamoo mama, ewe uliyemchukua mwanangu." Consuelo alipokuwa kimya kabisa, anasugua shuka, ulituambia anachofikiri. Ulijuaje? Na palipofika pahala pa bibi tajiri kumkemea mfuaji, ulimpa sauti ya chura. Hiyo sauti ndiyo iliyoleta matatizo yote ninayoyaeleza katika lalamiko la nne.

3. Machozi ya Consuelo. Huyu mama, kwa mujibu wa Ate Erlinda, alifariki kabla mimi sijazaliwa. Hata hivyo ndiye anayetawala nyumba yangu. Analia kwa jicho moja tu, la kushoto, na chozi linasimama shavuni kama linangoja ruhusa. Wiki iliyofuata nilipompeleka mke wangu kusuka, nilikuta wanawake wa saluni nzima wanajifunza kulia hivyo mbele ya kioo. Dada Warda, mwenye saluni, tayari alikuwa na mtindo wa nywele aliouita "Consuelo," wenye kishungi kinachoangukia jicho lisilolia. Nilipouliza kama ile kazi ya kusuka bado inaendelea, nilitazamwa na macho ya kushoto yote.

Kuhusu uvumi kwamba nami nilionekana nikifuta macho ukumbini, naomba ieleweke kwamba mapazia ya parokia yana vumbi.

4. Hapa ndipo penye jeraha lenyewe, nisamehe nikirefusha.

Wewe ni mgeni kwetu kidogo, kwa hiyo nikueleze. Keren hakuzaliwa na Mauwa. Mama yake mzazi ni Lucienne. Tuliachana naye, Keren akiwa bado anatambaa. Yeye akaenda kukaa Charleroi, mtoto akabaki kwangu. Sababu za kuachana si za barua hii. Mauwa nilimuoa baadaye, akamlea Keren kwa mikono yake, na Keren anajua yote tangu utoto. Hakuna siri nyumbani kwetu. Kulikuwa na utulivu. Na kwa ajili ya utulivu huo, tulipopanga harusi ya Keren ya mwezi Oktoba, tuliamua kwamba Lucienne asialikwe. Ninaposema tuliamua, maana yake niliamua, na wengine hawakusema neno.

Sasa kumbuka ukumbi siku ile. Kila bibi tajiri alipotokea na sauti yako ya chura, wanawake walimzomea. "Mulozi," walisema, yaani mchawi. "Mwizi wa batoto." Mke wangu peke yake alinyamaza. Nilidhani anasinzia. Tuliporudi nyumbani alivua viatu, akakaa jikoni bila kuwasha taa, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani:

"Tharcisse, ule mama tajiri, njo miye."

Nikamwambia yeye si tajiri, anaosha wazee.

"Bantu bote balikuwa banamucheka," akasema. "Na alilea mutoto muzuri. Donc anafanya nini sasa, pale ku mulango? Anafunga ama anafungua?"

Nikamjibu kwamba filamu imekatika, hakuna anayejua, tulale. Hilo ndilo jibu pekee la kweli, Ndugu Katibu, na ni wewe uliyeniachia jibu bovu namna hiyo. Kama ungetuonyesha bibi tajiri akifunga mlango, mke wangu angelia kidogo, na mambo yangeishia hapo.

Jumamosi iliyofuata aliniambia anakwenda stesheni ya Gare du Midi. Nilidhani ni sokoni hapo kando, ingawa soko ni la Jumapili. Alipanda treni ya Charleroi. Alikwenda mpaka kwa Lucienne, wanawake wawili ambao hawakuwahi kukaa chumba kimoja, akabisha hodi na kumwambia, kama nilivyosimuliwa baadaye: "Maman, mutoto anaolewa. Miye nilikuja kukuita. Yule papa hajui." Yule papa ni mimi. Lucienne hakujibu kama atakuja. Mauwa alirudi na mkate wa ndizi aliopewa na Lucienne, akaukata mbele yangu, nikala vipande viwili kabla sijaambiwa umetoka wapi.

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Keren alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole, "Papa, bon, mimi nilitaka kumwita tangu mwanzo. Niliogopa kumuumiza maman." Na maman aliyemaanisha ni Mauwa, ambaye alikuwa anaosha kisu kile kile muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

5. Siku ya harusi yenyewe. Ulikuwepo, lakini uandike kwenye kumbukumbu za klabu jinsi ninavyoeleza mimi.

Tulikuwa tumeshaanza kula. Meza kuu ilikuwa na maarusi, Mauwa na mimi. Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, akasimama Lucienne amevaa kitenge cha bluu, amebeba mfuko. Hakuingia. Alisimama tu. Ndugu Katibu, nusu ya ukumbi ilikuwa wanachama wako. Wote walikuwa wameiona sehemu hii. Uma zilisimama hewani. Dada Warda akashika shingo. Ate Erlinda, ambaye haelewi Kiswahili hata kidogo, akaangusha sahani, kwa kuwa jambo lenyewe halikuhitaji tafsiri. Na katika ukimya ule wewe mwenyewe, kinywa kimejaa pilau, ulisikika ukisema kwa sauti ile ile ya kipaza sauti: "Mama amefika mlangoni."

Watu walingoja pazia liwe jeupe. Mimi pia nilingoja. Nakiri niliomba liwe.

Mauwa akasimama. Alipita katikati ya meza taratibu, maana viatu vilimbana. Alipofika mlangoni hakukumbatia wala hakulia kwa jicho lolote. Alimpokea ule mfuko, akasema, "Ingia, maman ya Keren. Chakula inapoa."

Lucienne akasema, "Nilifikiri utabadilisha mawazo."

"Nilibadilisha," Mauwa akamjibu, "mu treni, mara mingi. Ingia."

Keren akaja mbio na gauni lake, akawashika wote wawili mkono, akawaleta meza kuu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, na wanawake wale wale waliomwita bibi tajiri mulozi sasa walimshangilia Mauwa mpaka bibi kizee wa upande wa bwana harusi akauliza kama kuna timu imefunga goli. Pale mbele vilikosekana viti. Baba wa bibi harusi, yaani mimi niliyelipanga hili jambo tangu mwanzo, nilipelekwa kukaa kando ya mlango wa jikoni na wajomba wa bwana harusi, ambao hawaongei wakila.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Klabu yako iandike Manila na kudai kipande cha mwisho kitafutwe popote kilipo, darini, kaburini, hata chini ya madhabahu. Kisipopatikana, filamu zote zisizo na mwisho zipigwe marufuku. Mji huu una ofisi za Ulaya nzima zinazoandika kanuni za kila kitu mpaka vizimba vya kuku. Hazitashindwa na kanuni moja inayosema kwamba mama akisimamishwa mlangoni, siku hiyo hiyo umma uelezwe alifanya nini. Watu wasiachwe kwenda kumalizia filamu za wenzao majumbani mwao. Wakizoea, hakuna baba atakayepanga jambo na likakaa lilivyopangwa. Nasubiri majibu yako kwa maandishi, bila sauti ya chura.

Wasalimie wanachama wote, Dada Warda na saluni yake, paroko mwenye mapazia, na Ate Erlinda, ambaye simlaumu. Keren na mumewe wanakusalimu. Mauwa anasema shati ulilosahau harusini ameshalifua.

Ni mimi, mwenye kiti kando ya jikoni,

Tharcisse

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Ate Erlinda amepiga simu. Binamu yake wa Manila anasema pamepatikana makopo ya filamu kwenye stoo ya mtu, na huenda kipande chetu kimo. Ndugu Katibu, nakuomba kwa heshima zote usikitafute, na kikikujia, usikionyeshe. Lucienne amekuja toka jana. Hivi sasa yuko jikoni na Mauwa, wanabishana juu ya chumvi ya sombe, kisamvu chenu, na sitaki Consuelo aje kuwaambia kwamba jambo hili haliwezekani.